Uchunguzi wa Kisayansi wa Kompyuta na Mapambano Dhidi ya Ugaidi: Maana Yake Chuoni

Mnamo Agosti 1997, wapelelezi wa Marekani pamoja na polisi wa Kenya waliipekua nyumba ya Wadih el-Hage, aliyewahi kuwa katibu wa Osama bin Laden, jijini Nairobi, wakaondoka na kompyuta ya mkononi. Humo mlikuwa na barua iliyozungumzia kikundi cha al-Qaeda cha Afrika Mashariki. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, wakafa watu 224, na barua ile ikaja kuwa kielelezo katika kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001, ambapo el-Hage na wenzake watatu walihukumiwa kifungo cha maisha. Kompyuta na kesi hiyo ndiyo mikono miwili ya somo la chuoni linalounganisha uchunguzi wa kisayansi wa kompyuta na mapambano dhidi ya ugaidi.

Uchunguzi wa kisayansi wa kompyuta ni taaluma ya kutafuta, kuhifadhi, kuchambua na kueleza data iliyomo katika vifaa vya kielektroniki kwa namna ambayo mahakama inaweza kuitegemea. Uzito wote uko katika maneno hayo ya mwisho. Kusoma ujumbe kwenye simu ya mtu si kazi ngumu, lakini kitendo cha kuiwasha tu hubadilisha mafaili mengi, na wakili wa utetezi ana haki ya kuuliza ni nani aliyebadilisha nini. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa mapema kutofanyia kazi kifaa halisi: diski huunganishwa kupitia chombo kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, hunakiliwa biti kwa biti, kisha diski na nakala yake hupitishwa katika hesabu iitwayo hashi, ili kuonyesha kwamba zinalingana. Hashi ya SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, na nukta moja ikiongezwa ndani ya faili, matokeo huwa mengine kabisa.

Hujifunza pia kwamba faili lililofutwa kwenye diski ya sumaku mara nyingi hupoteza anwani yake tu, yaliyomo yakibaki hadi nafasi hiyo iandikwe upya, ilhali kumbukumbu ya muda ya kompyuta hutoweka umeme unapokatwa. Uamuzi wa kuchomoa waya au kuuacha hufanywa palepale kwenye tukio, na kosa lake halirekebishiki.

Upande wa ugaidi huleta historia ya makundi, njia za fedha, mbinu za kuwavuta vijana na, juu ya yote, sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, Kenya mwaka 2012. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinahusu rekodi za kielektroniki na cheti kinachoambatana nazo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 huitaka mahakama ipime jinsi data ilivyotunzwa. Kwa maoni yangu, kufundisha programu za uchunguzi bila sheria hizi ni kumwandaa mtu wa kuharibu kesi, na mashtaka ya ugaidi ni mazito mno kwa uzembe huo, kwa waathirika na kwa mshtakiwa pia.

Ndiyo maana mwanafunzi anapaswa kuzoezwa kusimama kizimbani kama shahidi na kueleza hata kile ambacho data haithibitishi: faili kuonekana kwenye kompyuta ya mtu hakuonyeshi, peke yake, ni nani aliyekuwa ameketi mbele ya kompyuta hiyo saa faili lilipohifadhiwa.