Picasa Haikuzimika Mwaka 2016

Wengi huamini kwamba Google ilipoacha kuihudumia Picasa, programu yake ya kupanga na kuhariri picha kwenye kompyuta, mwezi Machi 2016, programu ile ilizimika na picha zikapotea nayo. Sivyo. Kilichokoma ni masasisho. Nakala iliyosakinishwa kwenye Windows bado hufunguka, na kwenye Linux watu huiendesha kupitia Wine, zana inayofungua programu za Windows huko. Kikwazo cha kweli kiko kwenye Mac: toleo lake ni la biti 32, muundo wa zamani wa programu, na mfumo wa macOS Catalina wa 2019 uliacha kabisa kuziendesha programu za aina hiyo.

Picha zenyewe hukaa kwenye folda zako za kawaida. Ila marekebisho ambayo hukuyahifadhi yameandikwa katika faili dogo lililofichwa, .picasa.ini, ndani ya folda hiyohiyo. Unapohamisha picha, tafadhali lihamishe nalo. Nimeona watu wakilifuta wakidhani ni takataka.