Mwenye ileostomi hakauki kwa kukosa maji tu

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kwa binti anayemuuguza mama yake mwenye ileostomi, yaani utumbo mwembamba umetolewa nje kupitia tundu tumboni na uchafu unaingia kwenye mfuko: "Nesi, tunamnywesha maji lita nne kwa siku, mbona midomo bado imemkauka?" Mfuko ulikuwa umejaa maji ya kijani, mepesi kabisa. Niliibana ngozi ya kifuani kwa yule mama, ikachelewa kurudi.

Jamani, maji matupu hayamfai mtu huyu. Utumbo mpana ndio uliokuwa ukifyonza lita moja hadi moja na nusu ya maji kila siku, pamoja na chumvi yake. Sasa chakula kinatokea kwenye stoma, lile tundu la tumboni, kabla hakijafika huko. Stoma ikishaanza kumwaga, maji yasiyo na chumvi yanapopita kwenye utumbo mwembamba huivuta chumvi ya mwilini, na chumvi ikitoka hufuatana na maji mengine. Anakunywa, mfuko unajaa, kiu inazidi, anakunywa tena. Soda na juisi tamu nazo huvuta maji kwa sababu ya sukari. Hata madafu, ambayo majirani huyaleta kwa upendo, yana potasiamu nyingi lakini sodiamu, ile iliyo kwenye chumvi, haba, na sodiamu ndiyo inayomwagika.

Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: pakiti ya lita moja ikorogwe kwenye lita moja kamili ya maji safi, anywe kidogo kidogo kutwa. Mfuko ukitoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, mkojo ukawa mchache na wa rangi ya chai isiyo na maziwa, au akiona kizunguzungu anaposimama, aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje tarehe ya kliniki.

Chakula: wali, ugali, viazi na ndizi huufanya uchafu uwe mzito. Wiki sita za mwanzo baada ya upasuaji aache karanga, nazi na mahindi ya kuchoma, maana stoma bado imevimba na huziba upesi. Baada ya hapo nimeacha kugawa karatasi ya vyakula vilivyokatazwa. Niliigawa kwa miaka, nikaona mmoja anakula makande salama na mwingine anaziba kwa nyuzi za embe. Siwezi kutabiri. Ajaribu kimoja kimoja, atafune mpaka kilainike.

Yule mama tulimtundikia dripu ya chumvi. Asubuhi nilimkuta ameshakojoa, na binti yake ameketi kando ya kitanda anatikisa ORS kwenye chupa ya lita moja.