Je, Wajua Kadi ya Michoro Isiyo na Feni Hupoaje Wakati wa Gemu?

Kadi ya michoro ndiyo inayochora kila picha ya gemu unayoiona kwenye skrini, na karibu umeme wote inaoutumia huishia kuwa joto. Kadi kubwa za leo hula wati 300 na zaidi, hivyo bila feni haziwezi kudumu kazini. Hata hivyo zipo chache zilizoundwa bila feni hata moja, mojawapo ikiwa Palit GeForce RTX 3050 KalmX ya mwaka 2024, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6.

Siri ya kwanza ni ulaji mdogo wa umeme wa chipu yenyewe, yaani kichakataji kilicho kwenye kadi. Kadi hii hutumia wati 70 tu, na kwa kuwa tundu la ubao mama (bodi kuu ya kompyuta inamochomekwa kadi) huweza kutoa hadi wati 75, haihitaji waya wa ziada wa umeme. Ndugu yake, RTX 3050 ya gigabaiti 8, hutumia wati 130. Ulaji huo mdogo una gharama yake, yaani nguvu kidogo zaidi: viini vya kuchakata ni 2,304 badala ya 2,560, na njia ya kupitisha data ya kumbukumbu ni ya biti 96 badala ya 128.

Siri ya pili imo ndani ya mabomba ya shaba yanayopita juu ya chipu. Humo mna kimiminika kidogo, ambacho huchemka upande wa chipu, kikawa mvuke, kikakimbilia upande wenye baridi na kugeuka tena kimiminika, kisha kikarudi kilikotoka kwa kufyonzwa na kuta za bomba kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa. Joto lililobebwa hivyo husambaa kwenye mapezi ya alumini, yaani mabamba membamba yaliyopangwa kwa safu, na hapo hewa ikishapata moto huwa nyepesi, hupanda, na hewa nyingine huingia mahali pake.

Mwendo huo wa hewa ni wa polepole mno, na ndiyo maana kasha la kompyuta lina umuhimu sawa na kadi yenyewe katika tathmini. Katika makasha mengi kadi hulala kifudifudi, mapezi yakitazama chini, na hewa moto hunaswa papo hapo. Feni moja kubwa ya kasha, inayozunguka taratibu kiasi cha kutosikika, hubadili hali kabisa.

Kwa hiyo usiamini jaribio la dakika tano, kwa sababu metali nyingi namna hii huchelewa kupata moto. Endesha gemu nzito kwa nusu saa au zaidi, kasha likiwa limefungwa, na uangalie kasi ya chipu pamoja na nyuzi za joto, maana chipu iliyozidiwa hujipunguzia kasi na picha zikaanza kukwama. Ikiwa jaribio ulilosoma lilifanyika katika chumba cha nyuzi 22, na chumba chako Dar es Salaam au Mombasa kina nyuzi 32, ongeza takribani nyuzi 10 kwenye matokeo.

Faida moja husahaulika: pasipo feni ya kuvuta hewa, vumbi hujikusanya polepole zaidi. Kwa upande mwingine, koili za umeme zilizo kwenye kadi zaweza kulia kwa sauti nyembamba hata pasipo feni.

Kwa gemu nyepesi au za miaka iliyopita, katika pikseli 1920 kwa 1080, ningeinunua bila kusita. Kwa gemu nzito za sasa ningechagua kadi yenye feni mbili kubwa, ambazo hujizima zenyewe kazi inapopungua.