Ulezi wa kazini ni nini, na unamsaidiaje mwalimu wa muziki aliyechoka?

Ulezi wa kazini ni makubaliano ya watu wawili wa kazi moja, mmoja mzoefu na mwingine bado anahangaika nayo. Mzoefu humsikiliza mwenzake, humtazama akiwa kazini, humwambia alichokiona, na humfuatilia kwa muda waliopatana. Huu si ukaguzi, maana mdhibiti ubora wa shule huja na fomu na huondoka na taarifa, ilhali mlezi haandiki chochote cha kupelekwa mezani kwa mtu mwingine. Wala si semina ya siku moja ambayo watu huikumbuka zaidi kwa posho yake.

Uchovu tunaouzungumzia hapa si ule wa Ijumaa jioni unaoisha ukilala. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu ya wahudumu wa kliniki ya bure jijini New York, wengi wao wa kujitolea, walioanza kazi kwa moyo mkunjufu na baada ya muda wakabaki wamekauka kabisa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu huo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, likieleza wazi kwamba si ugonjwa bali ni hali itokanayo na msongo wa kazi uliodumu bila kudhibitiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi hadi mtu aanze kuidharau, na kuhisi kwamba kila unachofanya hakina tija. Tazama ni nani aliyeuonyesha kwanza: mtu wa kujitolea. Asiyeijali kazi yake hachoki namna hii.

Sasa njoo Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Mwalimu wa muziki wa Mufindi, Njombe au Rungwe mara nyingi hakuajiriwa kwa ajili ya muziki. Aliajiriwa kufundisha Kiswahili au Historia, mkuu wa shule akasikia kwamba Jumapili anaongoza kwaya kwa Walutheri au Wamoravian, akakabidhiwa kwaya ya shule. Vipindi vyake havikupunguzwa, na zamu haikuondolewa. Mwenge ukipita wilayani, nyimbo ni zake. UMITASHUMTA au UMISSETA, yaani mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi na ya sekondari, ikifika, kwaya na ngoma ni zake. Mahafali yakikaribia, anaulizwa kama wimbo wa mgeni rasmi umeshaiva. Jumamosi wenzake wanafua na kwenda shamba, yeye yuko kanisani kwenye mazoezi. Pasaka na Krismasi, ambazo kwa wengine ni mapumziko, kwake ndio msimu wa kazi. Ongeza baridi ya Juni na vumbi la Makambako kwenye koo linaloimba kila siku.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kinachommaliza zaidi ni upweke. Mwalimu wa Hisabati akikwama humgeukia mwenzake wa meza ya pili. Mwalimu wa muziki ofisi nzima yuko peke yake. Kwaya ikishuka nusu sauti katikati ya wimbo, yaani ikiimba chini kidogo ya pale ilipoanzia, anasikia yeye tu, wengine wote wanamwambia "wameimba vizuri sana, mwalimu." Anasifiwa na kulaumiwa na watu wasioweza kumwambia kilichoharibika ni nini wala kilichopendeza ni nini. Hapo ndipo mlezi anapohitajika kuliko mahali pengine popote.

Chukua mazoezi ya saa kumi jioni bwaloni, wanafunzi sitini. Mwalimu anaandika solfa (do, re, mi) ubaoni, anaimba soprano, anaimba alto, anashuka kwenye tenor, anaunguruma besi, kisha wote wakianza anaimba nao kwa sauti ya juu ili wasipotee. Mlezi amekaa nyuma kimya na kikaratasi, anapiga mstari mmoja kila mara mwalimu anapoimba pamoja na watoto. Baadaye, kwenye chai, anakigeuza kile kikaratasi: mistari imejaa pande zote mbili. Mwalimu anashangaa, maana hakujua. Wanakubaliana achague mwanafunzi mmoja mwepesi wa kushika kwa kila sauti, awafundishe hao wanne kando, halafu siku ya mazoezi kila mmoja akae na kundi lake chini ya mti wake. Yeye awape sauti ya kuanzia, kisha apite akisikiliza. Koo linapumzika. Na kwa kuwa haimbi tena juu yao, anaanza kuisikia kwaya yake na kugundua kwamba waimbaji wa tenor, aliokuwa akiwagombeza kila wiki, hawana tatizo. Wanaovuta wimbo chini ni besi.

Badiliko hilo dogo limegusa dalili mbili kwa mpigo: mzigo umepungua, na mwalimu ameona kwa macho yake kwamba kazi yake ina matokeo. Kazi nyingine ya mlezi ni kalenda. Wanaketi na kuorodhesha shughuli zote za mwaka, halafu mlezi anauliza kwa nini kila shughuli lazima iwe na wimbo mpya. Nyimbo tatu zilizoiva, zikibadilishwa maneno kidogo, zinatosha shughuli nyingi. Mwisho wanafanyia mazoezi hata ombi lenyewe: "Mkuu, kwaya ya Mwenge nitaiandaa, ila naomba zamu ya wiki ile apewe mwenzangu." Wengi wetu tumelelewa kutomkatalia mkubwa, na ombi kama hilo halitoki mdomoni siku ya kwanza.

Mlezi asiwe mtu anayekujazia tathmini ya kazi. Huwezi kumwambia bosi kwamba umeanza kuichukia kwaya. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu, au mwongoza kwaya wa usharika jirani, na hakuna ubaya kuwa na wawili, mmoja wa muziki na mwingine wa mambo ya ofisini. Umbali si kizuizi kikubwa: aliye Makete anaweza kurekodi mazoezi kwa simu, akatuma kwa WhatsApp, na aliye Mbeya mjini akajibu usiku kwa ujumbe wa sauti. Ila walau mara moja kwa muhula waonane, maana simu haionyeshi mabega yaliyokakamaa.

Ulezi hauongezi mshahara, haununui kinanda, na haupunguzi wanafunzi darasani. Mlezi anayejibu kila kilio kwa "vumilia, hata sisi tulipitia huko" anaongeza uchovu juu ya uchovu, bora kumwacha. Na kama usingizi umekata kwa wiki kadhaa au mtu haoni tena sababu ya kuamka, hapo ni hospitali kwanza.

Kuanza hakuhitaji barua. Ujumbe mfupi unatosha: "Shikamoo mwalimu. Kwaya ya shule imenielemea. Naomba uje siku moja usikilize mazoezi, kisha tuongee." Akikubali, pataneni mambo matatu mapema: mtakutana mara ngapi, yanayosemwa yasitoke nje, na lini mtakaa kuamua kama mnaendelea au mnaishia hapo.