Dhamana ya kituoni haimalizi kesi ya ulevi

Ujumbe huu huzungukazunguka kwenye makundi ya WhatsApp Nairobi: ukikamatwa ukiendesha gari umelewa, lipa dhamana kituoni, chukua gari lako, mambo yameisha.

Hayajaisha. Dhamana ni rehani ya kwamba utafika kortini, na ukifika kila unapotakiwa pesa hizo hurudishwa, tunza risiti. Wengi huichanganya na faini, adhabu ambayo kwa kosa hili hutolewa na korti. Soma Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010, kuhusu haki za mtu aliyekamatwa, inapatikana bure mtandaoni. Gari nalo lina utaratibu wake: chukua nambari ya OB (kitabu cha polisi cha kuandikia matukio), uliza linazuiliwa kwa sababu gani.

Anayeuamini ujumbe huo hukosa kortini, kisha hutolewa hati ya kumkamata. Inaumiza. Tafadhali, usiusambaze.