Dawa za Kulegeza Misuli na Pombe: Mapafu Huumiaje?

Swali: Mpagazi ameshuka Kilimanjaro kupitia lango la Mweka akiwa na maumivu ya mgongo. Amemeza vidonge vya kulegeza misuli alivyopata duka la dawa, na jioni anakaa na wenzake kwenye mbege. Kuna ubaya gani?

Jibu: Dawa nyingi za aina hii, zikiwemo diazepamu, baklofeni na klozoksazoni, haziugusi msuli wenyewe. Hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako hupunguza amri zinazoufanya msuli ukaze, na pombe nayo hupoza shughuli za ubongo huohuo. Zikikutana mwilini, kila moja huitia nyenzake nguvu, hivyo mtu ambaye siku nyingine kata tatu za mbege humchangamsha tu anaweza kulala fofofo kwa kiasi kilekile. Tena mbege ya ndizi na ulezi ya majumbani haina kipimo kimoja cha ukali. Ya leo si lazima iwe kama ya jana.

Swali: Kwa hiyo vidonge ndivyo vinavyounguza mapafu?

Jibu: Hapana, ingawa wengi hudhani hivyo. Kinachounguza ni tindikali ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Mtu aliye macho akipaliwa na tone moja la maji hukohoa mpaka machozi yamtoke, na kikohozi hicho, hata kikiudhi, ndicho mlinzi wa mapafu. Kwa mtu aliyechanganya dawa na pombe mlinzi huyo amelala. Akitapika huku amelala chali, matapishi huingia kwenye koo la hewa, mara nyingine bila sauti yoyote, na aghalabu huelekea pafu la kulia kwa sababu mrija wake ni mpana na umenyooka zaidi kuliko wa kushoto.

Ndani ya saa chache pumzi huwa fupi na kifua hukoroma. Baadhi ya wagonjwa mapafu yao hujaa majimaji kiasi cha kuhitaji mashine ya kupumulia. Wengine huonekana wamepona, kisha baada ya siku kadhaa bakteria wa kinywani walioingia pamoja na matapishi huleta nimonia, au hata jipu ndani ya pafu, lenye homa, jasho la usiku, kukonda na makohozi yenye harufu mbaya. Huku kwetu, jirani na Hospitali ya Kibong'oto inayojulikana kwa kutibu kifua kikuu, dalili hizo humfanya kila mtu awaze kifua kikuu, na ni sahihi kupimwa. Lakini daktari aambiwe pia habari za usiku ule, hata kama zinatia aibu, kwa maana matibabu ya jipu na ya kifua kikuu si yale yale.

Swali: Asipotapika, yuko salama?

Jibu: La. Mtu mzima aliyetulia hupumua takribani mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mchanganyiko huu unaweza kuishusha hesabu hiyo mpaka oksijeni ipungue kwa kiasi cha hatari na hewa chafu ijazane mwilini. Kambini mlimani, ambako hewa ni nyembamba tayari, mambo huharibika mapema zaidi.

Swali: Nyumbani tufanye nini tukimkuta anakoroma na haamki?

Jibu: Msimwache "alale, pombe imtoke". Mlazeni kwa ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa na kinywa kikielekea chini ili kitakachotoka kidondoke nje. Hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, au midomo, ulimi na kucha vikibadilika kuwa vya buluu au kijivu, au haitikii mnapomtikisa na kumwita kwa jina, mwahisheni hospitali, iwe Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi, au Mount Meru kwa walio Arusha. Tafuteni gari, kwa maana bodaboda haiwezi kumbeba akiwa amelala ubavu, na bebeni pakiti ya dawa aliyotumia. Maziwa, maji ya ndimu na kahawa, ambavyo jirani mwema hakosi kuvileta, visimkaribie kinywani: kumnywesha mtu asiyejitambua ni kumpalia kwa mkono wako. Msimlazimishe kutapika pia.

Swali: Je, nikimeza asubuhi na kunywa jioni?

Jibu: Inategemea dawa. Klozoksazoni hutoka mwilini ndani ya saa chache. Diazepamu hukaa kwa siku kadhaa, kwa hiyo kidonge cha Ijumaa bado kina nguvu Jumamosi kwenye sherehe. Baklofeni hutolewa zaidi na figo, na mwenye figo dhaifu hukaa nayo muda mrefu kuliko wenzake. Kwa anayetumia baklofeni kila siku, kuiacha ghafla ili anywe pombe kunaweza kumletea degedege. Huyo aache pombe, na dawa aipunguze kwa maelekezo ya daktari wake tu.