Pingili za Miguu Hazitoshi, Jamani

Juzi nimetumiwa picha nyingine. "Mwalimu, buibui gani huyu? Nasikia sumu yake hakuna mfano." Si buibui. Hana sumu, hatoi uzi, mwili wake kipande kimoja bila kiuno, macho mawili juu ya kinundu. Ni opilioni, mnyama wa miguu minane kama buibui lakini wa kundi lake mwenyewe. Tuendelee.

Anayenichosha hasa ni yule aliyesoma kidogo: "Nimehesabu pingili za tasi (sehemu ya mwisho ya mguu), kwa hiyo ni familia fulani." Kaka, huo ni urithi wa Roewer, mtaalamu wa Kijerumani wa opilioni, wa mji wa Bremen. Mzee yule alizipa majina spishi zaidi ya 2,000, lakini alizipanga kwa pingili na miiba ya mgongo. Vidogo vya kitropiki visivyo na pa kwenda akavirundika kwenye familia ya Phalangodidae, ikawa robota la mitumba: unavuta shati, inatoka soksi. Leo Phalangodidae halisi ni wa Amerika Kaskazini na pande za Mediterania. Kundi zima la Kiafrika, Pyramidopidae, lilipewa familia yake mwaka 2011 tu.

Wiki iliyopita nilikuwa na dume wa Metabiantes, familia ya Biantidae. Mwili milimita mbili na kidogo. Mguu wa pili wa kulia una pingili moja zaidi ya wa kushoto. Haya, niambie: ni spishi mbili zinazotembea pamoja?

Ukitaka kutambua spishi, tazama uume. Ndiyo, opilioni anao wa kweli. Buibui dume hutumia palpi, viungo viwili vidogo karibu na mdomo. Ila kwa Metabiantes na jamaa zake hauna misuli, hutunishwa kwa shinikizo la damu. Kwenye sampuli iliyokufa sehemu ya ncha imejikunja ndani, na ukichora hivyo hivyo umechora ngumi ukadai ni vidole. Nimeona "tofauti" kati ya spishi ambazo ni tofauti ya uliofunguka na uliojikunja. Loweka, subiri utune, ndipo uchore.

Hata hivyo majike na watoto, wasio na uume wa kutazama, wamejaa kabatini kwangu na lebo "Biantidae?" Alama ya kuulizia ni yangu. Na kwamba kundi la Stenostygninae wa Karibi ni ndugu wa damu wa Biantidae wetu wa Afrika, mimi bado sijashawishika.

Kwa hiyo picha basi. Nitumie dume, ndani ya spiriti safi. Mwaka juzi mmoja alitumia gongo: kichupa kilifika, mnyama mkavu ndani yake, gongo iliishia njiani.